Namna ya Kuusaidia Mmea Unaojitafutia Virutubisho Katika Udongo Uliochoka

Kabla ya kununua mbolea, kagua kwanza mmea wenyewe unavyohangaika. Mmea unaopungukiwa na naitrojeni huvunja protini za majani yake makuukuu na kuihamishia naitrojeni hiyo kwenye machipukizi. Ndiyo maana katika mahindi umanjano huanzia jani la chini, kwenye ncha, ukafuata mshipa wa kati na kuchora umbo la herufi V. Kalsiamu na chuma havihamishiki kwa urahisi, kwa hiyo dalili zake huanzia majani machanga.

Kisha chimbua mmea mmoja taratibu pamoja na udongo wake, usiung'oe, kwa sababu vinyweleo vya mizizi hukatika, na kazi kubwa iko hapo. Fosforasi hung'ang'ania chembe za udongo na husogea kwa shida mno, hivyo mzizi humaliza haraka ile iliyo milimita chache kando yake. Mmea hujibu kwa kurefusha vinyweleo, kutandaza mizizi kwenye tabaka la juu, na kuwalisha sukari kuvu wa mikoriza, yaani kuvu wanaoishi kwa ushirika na mizizi, ambao nyuzi zao hufika mahali mzizi usipofika. Kulima mara kwa mara hukata nyuzi hizo, na fosforasi ikizidi mmea huwapunguzia kuvu hao chakula. Punguza basi kutifua udongo, wala usitarajie msaada huo kwenye kabichi, kwani jamii yake haishirikiani na mikoriza.

Mbaazi ina ujuzi wa pekee: mizizi yake hutoa asidi zinazoachilia fosforasi iliyoshikwa na chuma, na kwa maoni yangu hiyo peke yake inatosha kuipa nafasi katika kilimo cha mzunguko.

Kwa mikunde, pasua vinundu vya mizizi kwa ukucha. Vikiwa vyekundu au vya waridi ndani, bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani wanafanya kazi, na kuongeza urea (mbolea ya naitrojeni) kutawapunguzia kasi. Vikiwa vya kijivu au kijani, havifanyi kazi.

Mzizi ukiwa mfupi, mnene na wenye matawi machache, pima tindikali ya udongo. Ikiwa pH, yaani kipimo cha tindikali, iko chini ya 5.5 (namba ikishuka, tindikali imezidi), huenda alumini ndiyo inayodumaza ncha za mizizi, na hapo chokaa itangulie mbolea. Mbinu zote hizi za mmea hufungua kilichomo ardhini. Isipokuwa naitrojeni inayotoka hewani, haziongezi kitu, hivyo rudisha samadi, mboji na mabaki ya mazao kila baada ya mavuno.