Kwenye usaili wa programu, uliza kabla hujagusa kibodi

Ukipewa swali la kuandika programu kwenye usaili, usikimbilie kibodi. Mimi nimewahi kuandika mistari kama 40 bila kuinua kichwa, halafu msaili akaniuliza kwa upole: "Na orodha ikiwa tupu?" Programu ikagoma palepale.

Siku hizi naanza na maswali. Chukua lile swali linalopendwa sana: tafuta kwenye orodha namba mbili ambazo jumla yake ni 10. Je, kuna namba hasi? Namba ileile inaruhusiwa kutumika mara mbili? (Orodha ikiwa na 5 moja tu, hapo ndipo wengi hunaswa.) Jozi isipopatikana, nirudishe nini? Na orodha ina urefu gani? Hilo la mwisho ndilo zito. Kwa namba 20, kulinganisha kila jozi hakuna shida. Zikiwa 10,000, jozi zinakaribia milioni 50. Hapo bora upite orodha mara moja tu, ukitunza namba ulizokwisha kuziona kwenye kamusi, yaani hifadhi ndani ya programu inayokuambia haraka kama kitu kimo au hakimo. Ukifika kwenye 3, unaangalia kama 7 imeshapita.

Yote hayo yaseme kwa sauti, hata kama unajihisi mjinga kidogo. Ukikwama huku unaongea, msaili anajua umefikia wapi na mara nyingi atakudokezea. Kisha pitisha mfano mmoja mdogo kwa mkono, mstari kwa mstari, ndipo useme umemaliza.