Kabla hujanunua urea ya shamba la rweya

Wengi wanaofungua shamba la mahindi kwenye rweya, yaani uwanda wa nyasi nje ya makazi, huku Bukoba huanzia duka la pembejeo. Kwangu mimi, mfuko wa urea, mbolea ya naitrojeni, ni wa mwisho kununuliwa.

Kibanja, yaani shamba la migomba pale nyumbani, kimekula samadi, maganda na nyasi za kutandaza kwa vizazi. Nyasi hizo zilifyekwa wapi? Rweyani. Kando ya ziwa mvua hufika milimita 2,000 hivi kwa mwaka, nayo imeosha kalsiamu na magnesiamu miaka nenda rudi, ikabaki tindikali. Wazee walipanda njugu mawe huko msimu mmoja, kisha wakaiacha ardhi ipumzike.

Kwa hiyo pima udongo kwanza. Tembea zigizaga, chota sehemu kama 15 kwa kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha bakiza nusu kilo ya kupeleka maabara. Ruka vichuguu, palipokuwa na zizi na palipochomwa nyasi, maana majivu yatakudanganya. Mfuko uliobeba mbolea usiutumie kwa sampuli, hata ukiukung'uta vipi.

Majibu yakionyesha pH (kipimo cha tindikali, ikiwa ndogo tindikali ni nyingi) chini ya 5.5, jua kwamba alumini imeanza kuyeyuka na ncha za mizizi zinaumia. Fosforasi nayo hunaswa na udongo, mmea usiifikie. Ukiwa unasubiri majibu, ng'oa shina la mahindi kwa jirani: mizizi mifupi, minene, isiyo na matawi membamba, ni ya kutiliwa shaka.

Dawa yake ni chokaa ya kilimo. Ile ya kupaka ukuta ni kali, inaweza kuunguza mbegu. Hiyo ya kilimo imwage shamba zima, uichanganye kwa jembe mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda. Usiichanganye na urea wala SA (salfeti ya amonia). Ukichanganya utasikia harufu kali kama ya mkojo, na hiyo ndiyo naitrojeni uliyoilipia inayopaa. Kama una kipande cha chai pembeni, hicho kiache, chai hupenda tindikali.

Sasa mbolea. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Vijidudu vya udongo huigeuza kuwa naitreti, na katika kugeuza huko tindikali huzalishwa. Udongo hauishiki naitreti. Mvua kubwa ikishuka huipeleka chini ya mizizi, nayo huondoka na kalsiamu. Ndiyo maana urea ya kila msimu bila chokaa huzidi kuharibu shamba lile lile inalolistawisha. SA ni mbaya zaidi: kwa kiasi kile kile cha naitrojeni, tindikali yake ni kama mara tatu ya urea. CAN (mbolea ya naitreti ya amonia yenye kalsiamu) ni mpole kwa udongo, ila nusu ya naitrojeni yake tayari ni naitreti, mvua ya kesho inaweza kuichukua.

Ndiyo sababu ya kugawa dozi. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mimea miwili kila shimo, ekari ina mashimo kama 9,000. Kisoda kimoja cha urea kilichosawazishwa ni gramu 5 hivi, jumla kilo 45. Weka nusu kisoda mahindi yakifika magotini, nusu nyingine kabla ya mbelewele. Chimba sentimita 10 kutoka kwenye shina, weka, fukia. Wingu likiwa zito, acha hadi kesho.

Samadi tafuta mapema, na mabua usiyachome.

Halafu kuna usafiri. Maabara ikikuambia tani 2 za chokaa kwa hekta, hiyo ni mifuko 16 ya kilo 50 kwa ekari moja. Ipeleke shambani kabla ya mvua za Septemba, njia ya rweyani ikilowa lori halipandi.