Somo: Jinsi ya kutambua fonti ya vibao vya zamani vya mitaa Uingereza

Wakuu habari, kwa mnaoishi kule au mnaopenda kuchungulia picha za London, usikimbilie zile app za kutambua fonti (yaani mtindo wa herufi). Vibao vingi vya zamani herufi zake zilichorwa na fundi au zilimiminwa kwenye kalibu kiwandani, kwa hiyo app itakupa jina la karibukaribu tu.

1. Piga picha ukiwa mbele ya kibao kabisa, ukipigia pembeni herufi zinabanana na utadanganyika.

2. Angalia ncha. Zikiwa na vimkia (serifi) na maandishi ni herufi kubwa tupu, anza na fonti ya Kindersley. David Kindersley alikuwa mchonga mawe aliyejifunza kwa Eric Gill, na alfabeti yake utaikuta sana Cambridge.

3. Hakuna vimkia, herufi nene zimebanana, kibao cheupe na namba ya posta nyekundu? Hiyo ni Westminster, manispaa ya katikati ya London, fonti ni Univers, muundo wa Misha Black wa mwaka 1967.

4. Soma herufi za posta, hapa ndo patamu. London iligawanywa kanda za posta 1857 na 1858, namba zikaja 1917, kwa hiyo ukiona N.W. (kaskazini-magharibi) peke yake bila namba mara nyingi kibao ni cha kabla ya hapo. Kanda ya N.E. (kaskazini-mashariki) ilifutwa 1866 ila Hackney, mashariki mwa London, bado kuna vibao vimeandikwa hivyo mpaka leo, aisee vitunzwe.

MASWALI

Swali: Mkuu nina picha ya kibao cha stesheni, nachanganya fonti mbili, Johnston na Gill Sans.
Jibu: Tafuta i ndogo. Johnston ya 1916 nukta yake ni mraba uliosimama kwa kona na l ndogo imekunja mkia, Gill ya 1928 nukta ni duara na l ni fimbo tu. Kama ni reli ya LNER (kampuni ya treni ya zamani) tegemea Gill, waliichukua 1929.

Swali: Vya barabara kuu je?
Jibu: Herufi kubwa na ndogo zikichanganyika mara nyingi ni fonti ya Transport ya wabunifu Kinneir na Calvert, ilianza rasmi 1965.

Swali: Changu kimepakwa rangi juu ya rangi, vimkia havionekani.
Jibu: Usikwangue mkuu, utaharibu. Subiri giza umulike tochi kwa ubavuni, kingo za herufi zilizoinuka zitatupa kivuli, hapo piga picha.