Vile unafaa kumuuliza mtoto aliyeona kitu
Mtoto akikuambia ameona kitu kibaya pale kwa ploti, usimrukie na "ni yule jirani wa chini, sindio?" juu hapo wewe ndio umemwekea jibu mdomoni na kortini wakili atalipasua. Sema tu "ebu niambie vile ilienda" kisha unyamaze, hata akikaa dakika nzima akichezea slipas. Usirudie swali moja mara tano, ataona jibu la kwanza lilikuwa mbaya abadilishe. Andika maneno yake vilevile, hata ya kitoto, halafu piga 116, ile laini ya kusaidia watoto hapa Kenya, ni bure. Na kesi za unajisi, kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu hakimu kumfunga mtu kwa neno la mtoto aliyetendewa pekee, bora aridhike anasema ukweli na aandike sababu.