Kabla hujaanza dozi ya TB, hasa kama riziki yako iko ziwani

Ukishaambiwa makohozi yako yana TB, usitoke kituoni na dawa mkononi ukadhani kazi imeisha. Dozi ya kawaida ni miezi 6: miwili ya mwanzo kidonge kimoja kina dawa nne ndani yake, minne inayofuata kina mbili. Dawa ni bure. Idadi ya vidonge inakwenda na kilo zako.

Mkojo utageuka rangi ya machungwa. Ni dawa, si damu. Macho yakiwa ya njano, au ukianza kuchanganya nyekundu na kijani, rudi kituoni siku hiyohiyo. Gongo acha, ini lina kazi tayari. Mama anayetumia vidonge au kijiti cha uzazi wa mpango aseme mapema, maana kwenye vidonge vya TB mna dawa inayovipunguza nguvu. Chakula nacho kipange: hamu ikirudi, inarudi na deni. Mimi nilikuwa namaliza ugali wangu na bado natazama wa mwenzangu.

Sasa safari. Hapa ndipo nilipoungua.

Nilikuwa mwezi wa tatu, kikohozi kimekata, na giza linaingia. Sisi wa Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, giza ndiyo mshahara, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa. Nahodha akasema tunahamia kambi ya kusini, giza moja tu, yaani zile siku za mwezi mmoja zisizo na mbalamwezi. Nikachukua dawa za wiki 2 nilizokuwa nazo, nikazitia kwenye kopo la majani ya chai wenzangu wasizione. Kadi yangu ya matibabu ya TB nikaiacha nyumbani chini ya godoro. Sikutaka mtu aisome.

Dagaa wakakubali, giza moja likawa mawili. Kidonge cha mwisho nilikitazama sana, nikajiambia mbona nimeshapona. Na zahanati ilikuwepo! Juu kidogo ya pale tulipoanika dagaa. Niliiona kila asubuhi. Lakini ningeingia niseme nini? Kadi sina, na kwenye benchi kuna mvuvi mwenzangu anasubiri kupimwa malaria.

Nilirudi Kigoma nina wiki 6 bila dawa, nakohoa usiku kucha. Wakapima makohozi upya, na kuangalia kama vijidudu vimeshakuwa sugu. Zile siku za kusubiri jibu sizisahau. Havikuwa sugu, lakini dozi nilianza upya, kidonge cha kwanza kabisa. Nesi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kaka, kadi ilikuwa wapi?" Ningeionesha pale zahanati wangepiga simu kituoni kwangu, nikaendelea kumeza.

Kwa hiyo usisubiri siku ya kuondoka. Nenda kituoni mapema, taja unakokwenda na siku utakazokaa, kisha ongeza za upepo mbaya, maana ziwa halina ratiba. Omba dawa za kutosha, au uhamishiwe kituo cha huko. Kadi isafiri na vidonge, kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Na mtu mmoja kambini ajue. Safari iliyofuata nilimwambia mpishi. Tukishashusha dagaa alfajiri ananiita kama anataka kuni, nakwenda nyuma ya jiko kumeza. Kwa anayelala mchana, saa ya dawa ni hiyo ya kutoka majini, si ya watu wa mjini.

Mengine unayajua. Makohozi ya kupima maendeleo peleka hata kama hukohoi tena. Watoto wa chini ya miaka 5 unaoishi nao wachunguzwe. Usimgawie vidonge jirani anayekohoa, mpeleke akapimwe. Madirisha yafunguliwe. Na namba ya kituo iandike kwenye karatasi pia, simu za ziwani huzama.