Ndege aliyekaushwa, dirisha moja, jiwe la lava

Ukipata ndege wa zamani aliyekaushwa na kujazwa pamba, ukataka picha inayofanana na michoro ya ubatili ya Waholanzi wa karne ya 17 (ile ya mafuvu, saa za mchanga na maua yanayonyauka, jina lake limetoka Mhubiri 1:2), zima taa zote. Bakiza dirisha moja, upande wa kushoto, lenye pazia jeupe.

Hapa Goma meza tunayo bure: jiwe la lava la volkano ya Nyiragongo. Ni jeusi, lina matundu, halirudishi mwanga mwingi. Mweke ndege juu yake, na kitambaa cheusi nyuma, mbali naye kama mita moja. Sasa mzungushe polepole mpaka jicho la kioo lishike nukta moja ya mwanga. Mimi nukta hiyo naitafuta hata nusu saa, maana ndiyo picha yenyewe. Ukitaka moshi wa mshumaa, uzime na upige papo hapo.

Na tafadhali, ngozi nyingi za zamani zilipakwa arseniki, ambayo ni sumu. Vaa glavu na barakoa, usipulize vumbi kwa mdomo, watoto wasiguse.