Kutafuta hitilafu ya umeme katika pikapu ya dizeli ya zamani

Pikapu ya dizeli ya miaka ya 1980 na 1990, mfano wa Toyota Hilux zenye injini za 2L na 3L ambazo bado zinabeba mizigo kila pembe ya Afrika Mashariki, ina sifa moja inayomrahisishia kazi mtafuta hitilafu: injini yake karibu haihitaji umeme. Dizeli hujiwasha kwa joto la hewa iliyobanwa, na pampu ya nozeli huzungushwa na injini yenyewe bila kompyuta yoyote. Ikishawaka, kinachohitaji umeme ili isizimike ni kitu kimoja tu, nacho ni solenoidi ya kukata mafuta, yaani vali ya umeme inayoruhusu mafuta kupita, iliyofungwa kwenye pampu hiyo. Kwa hiyo, kabla hujafungua chochote, amua kwanza ugonjwa uko wapi: stata haizungushi, au inazungusha lakini injini haiwaki, au gari linawaka vizuri lakini betri inakufa, au ni taa tu zinazosumbua. Kila dalili ina njia yake, na anayezichanganya huishia kununua betri, stata na altaneta kwa zamu huku ubovu ukibaki palepale.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: mita ya umeme ya bei nafuu, na balbu ya indiketa ya wati 21 iliyounganishiwa nyaya mbili ndefu. Balbu hiyo usiidharau, kwa sababu inakula umeme na mita haili. Waya uliooza mpaka ukabakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 na ushee kwenye mita, nawe utauhesabu kuwa mzima, lakini ukiuunganishia balbu mwanga utafifia mara moja. Hapo ndipo mafundi wengi hupotezwa: wanapima umeme uliolala, ilhali waya mbovu hujitambulisha unapofanyishwa kazi. Kabla ya kuanza, vua pete na saa ya chuma. Unapofungua betri anza na upande wa hasi, na unapoifunga malizia na huohuo. Kebo nene ya stata haina fyuzi, na spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja huwa nyekundu kabla hujaiachia.

Pima betri baada ya kutulia kwa saa kadhaa. Volti 12.6 maana yake imejaa, 12.2 imebaki karibu nusu, na ikiwa chini ya 12 ichaji kwanza, kwa kuwa kipimo kingine chochote utakachochukua hakitaaminika. Kisha mwombe mtu apige stata huku wewe ukitazama mita. Betri iliyokuwa imejaa ikishuka chini ya volti 9.6, ama imechoka, ama stata inavuta umeme kupita kiasi.

Ikiwa betri ni nzima lakini stata inazunguka kwa uvivu, kipimo cha maana kuliko vyote ni cha umeme unaopotea njiani. Chomoa waya wa solenoidi ya mafuta ili injini isiwake, uufunge utepe usiguse chuma, kisha weka ncha nyekundu ya mita kwenye nguzo ya chanya ya betri, yaani risasi yenyewe na si klempu, na ncha nyeusi kwenye skrubu ya stata inayopokea kebo nene. Gari linapopigwa stata, mita isizidi nusu volti. Rudia upande wa pili: ncha moja kwenye nguzo ya hasi, nyingine kwenye chuma safi cha injini, na hapo isizidi takriban volti 0.2 au 0.3. Katika magari ya umri huu, upande wa hasi, ambao mafundi huuita arthi, ndio mkosaji mara nyingi. Utepe wa shaba unaounganisha injini na bodi huliwa na kutu mahali ulipofungiwa boliti, tena husahaulika kurudishwa injini inapotolewa kwa matengenezo, na umeme wa stata hulazimika kujitafutia njia nyingine hata kupitia kebo ya pedali ya mafuta. Ukikuta kebo hiyo ina moto baada ya kupiga stata, umekwisha kupata jibu. Fungua boliti, kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, rudisha, kaza, paka grisi juu. Unga mweupe au wa kijani kwenye nguzo za betri huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi.

Stata inayotoa mlio mmoja wa "tak" bila kuzungusha, huku taa zikibaki na mwanga wake, kwa kawaida haijafa. Ndani ya solenoidi yake mna vipande viwili vya shaba ambavyo hulika pole pole kila gari linapowashwa, na katika stata nyingi za Toyota vinauzwa peke yake kwa bei ndogo sana ukilinganisha na stata nzima. Lakini taa zikizimika kabisa wakati wa mlio huo, rudi kwenye betri na kebo.

Injini ikizungushwa kwa nguvu bila kuwaka, washa swichi ya ufunguo bila kupiga stata, kisha gusisha na kuachia waya wa solenoidi ya mafuta. Unapaswa kusikia mlio mdogo kwenye pampu kila unapogusa. Kama hakuna mlio na balbu yako inawaka vizuri kwenye waya huo, solenoidi imekufa. Kama balbu haiwaki, ubovu uko nyuma, kwenye fyuzi, swichi au waya, na hapa niseme wazi kwamba ningeanzia chini ya usukani kabla ya mahali pengine popote. Gari lililopita mikononi mwa wamiliki wengi huwa limefungwa alamu, kifaa cha kulifuatilia au swichi ya siri ya kuzuia wizi, na kila kimoja kati ya hivyo kilikata waya wa swichi ili kipite katikati. Funua utepe mweusi ulioyeyuka gundi utakuta nyaya zimesokotwa kwa vidole tu, shaba imegeuka kijani, na ukizitikisa gari linawaka na kuzimika. Gari linalozimika ghafla kwenye matuta na kuwaka tena baada ya dakika chache mara nyingi linaugua hapo. Ukiwa porini unaweza kuipa solenoidi umeme moja kwa moja kutoka betri kwa waya wenye fyuzi, ukikumbuka kwamba ufunguo hautaizima tena injini mpaka uuchomoe waya huo.

Mwenye gari la Mombasa au Dar es Salaam anaweza kukaa muda mrefu bila kujua kwamba hita plagi zake, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha injini, zimekufa. Asubuhi ya Julai Njombe, kwenye baridi ya nyanda za juu, itamwambia. Ondoa kipande cha chuma kinachoziunganisha, pima kila moja kati ya kichwa chake na injini: nzima huwa chini ya omu 2, na isiyoonyesha chochote imekatika.

Kuhusu chaji, injini ikiwa inaunguruma kidogo juu ya mwendo wa kawaida, betri ionyeshe kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikizidi 15, regyuleta, yaani kidhibiti volti cha altaneta, imeharibika na inachemsha betri. Taa ya chaji isipowaka unapofungua swichi kabla ya kuwasha injini, usifurahi, kwani balbu, fyuzi au waya wake umekatika na altaneta huenda isichaji. Ile desturi ya kuchomoa klempu ya betri injini ikiwa inafanya kazi, eti kuona kama altaneta ni nzima, iachwe kabisa. Umeme hupanda ghafla na kuunguza regyuleta iliyokuwa nzima.

Betri inayokufa usiku gari likiwa limezimwa inanyonywa. Vua kebo ya hasi, weka mita kwenye tundu lake la ampea 10 na uiunganishe kati ya kebo na nguzo, milango ikiwa imefungwa, na usithubutu kupiga stata. Zaidi ya miliampea 50 ni nyingi. Nusu ampea tu humaliza betri ya ampea-saa 60 kwa siku tano. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke, na zikiisha zote bila mabadiliko, ondoa mita, tenga waya mnene wa altaneta, irudishe mita na upime tena, kwa sababu dayodi iliyotoboka ndani ya altaneta hunyonya bila kupitia kwenye fyuzi yoyote.

Taa za nyuma za pikapu hula tope na maji kuliko kitu kingine chochote. Ukiwasha indiketa na taa ya breki ikafifia au kupepesa nayo, arthi ya taa hiyo imeoza. Fyuzi inayoungua kila ukiibadilisha isiwekewe kubwa zaidi wala kipande cha waya. Weka ile balbu ya wati 21 mahali pake: waya unapogusa bodi balbu huwaka kwa nguvu, nawe unaweza kufuata nyaya kando ya chesisi, ukizivuta na kuzisogeza kidogo kidogo, hasa pale zinapopita chini ya vibano vya bodi ya nyuma, mpaka balbu izimike au ififie. Hapo kata palipochunika, unganisha kwa risasi ya kulehemu, funika kwa mpira wa kubana kwa joto, uzifunge nyaya mbali na chuma, kisha rudisha fyuzi ya ampea zilezile zilizoandikwa kwenye kifuniko cha boksi.